Prolini ilisema kweli, sisi ndio tuliosikia vibaya: kisa cha mbegu ya miwa ya kiangazi

Majina ya watu, kijiji, chama na maabara yameondolewa, na aina za miwa nimezipa herufi. Kisa ni cha Tanzania, kwenye bonde lenye kiwanda cha sukari, ambako chama cha wakulima kilichagua mbegu kwa kupima prolini, kemikali ambayo mmea huilimbikiza ukipata kiu. Mimi niliitwa mambo yakiwa yamekwisha haribika, kwa hiyo sehemu ya mwanzo naisimulia kutoka kwenye daftari za wenzangu na maelezo yao wenyewe.

Hali ilivyokuwa

Chama ni cha wakulima wa nje, yaani wale wanaolima miwa kwenye mashamba yao na kuiuza kiwandani. Kiwanda humwagilia mashamba yake. Wakulima hutazama mawingu.

Muwa ni mnywaji. Kwa msimu mzima unataka kati ya milimita 1,500 na 2,500 za maji, na kipindi cha hatari ni pale unapotoa machipukizi na kuanza kurefuka, takriban siku ya 60 hadi ya 150 tangu kupandwa. Ukame ukiukuta hapo, machipukizi hufa, na shina ambalo halikuwepo haliendi kwenye mzani. Ukame wa mwishoni, muwa ukiwa umekomaa, hauumizi kiasi hicho. Kwenye mashamba ya umwagiliaji maji hukatwa makusudi kabla ya kuvuna ili sukari ipande.

Misimu miwili mfululizo mvua za vuli zilikatika katikati, na wanachama wengi walivuna miwa ya kutia huruma. Chama kikapata fedha kidogo za kuanzisha kitalu cha mbegu inayovumilia kiangazi. Palikuwa na aina sita za kuchagua, zote zimeshaidhinishwa. A ilikuwa NCo 376, aina ya siku nyingi ambayo kila mkulima anaijua, nayo iliwekwa kama kipimo cha kulinganishia. Nyingine ni B, C, D, E na F.

Njia ya kawaida ingekuwa kuzipanda zote sita shambani na kusubiri. Lakini muwa wa kwanza huchukua miezi 12 hadi 18, kisha unataka kuona maotea yake, yaani miwa inayochipua tena kwenye visiki baada ya kuvuna, angalau mara moja, kwa sababu ziko aina zinazofanya vizuri mwaka wa kwanza na kuchoka mwaka wa pili. Mama mwenyekiti alikuwa na wanachama waliotaka jibu kabla ya masika. Afisa kilimo wa chama, kijana aliyesomea mazao, akaleta wazo la njia ya mkato: tuyaulize majani.

Jaribio la kwanza

Wazo lenyewe halikuwa baya. Mmea ukikosa maji, ndani ya seli zake hubadilika mambo mengi kabla jicho halijaona lolote, na baadhi ya mabadiliko hayo hupimika maabara. Kinachopendwa zaidi ni prolini. Hii ni mojawapo ya asidi amino, na mimea mingi, muwa ukiwemo, huilimbikiza ikipata kiu. Njia ya kuipima ni ile iliyochapishwa na Bates na wenzake mwaka 1973, na bado inatumika kwa kuwa ni rahisi na haihitaji mashine kubwa. Unasaga nusu gramu ya jani kwenye asidi ya sulfosalisiliki ya asilimia 3, unachuja, unachanganya na ninhidrini na asidi asetiki, unachemsha saa nzima, unapooza kwenye barafu, kisha unatia tolueni na kutikisa. Rangi nyekundu hupanda na kukaa kwenye tabaka la juu la tolueni, na hiyo ndiyo husomwa kwa spektrofotometa, kifaa cha kupima ukali wa rangi, kwenye mawimbi ya nanomita 520. Wekundu ukizidi, prolini imezidi.

Ni kipimo kinachovutia, nakiri. Ukipanga mirija sita kwenye rafu, mmoja mwekundu kama juisi ya rosela na mwingine wa waridi hafifu, moyo wako umeshaamua kabla hujasoma namba.

Pingili zilipandwa kwenye ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, zikawekwa chini ya paa la nailoni ili mvua isiingie. Miche ilipofika miezi mitatu, nusu ya ndoo iliendelea kumwagiliwa na nusu ikaachwa bila maji siku 12. Siku ya 12 majani yalikatwa, yakafungwa kwenye mifuko ya plastiki yenye lebo, yakapakiwa kwenye gari hadi maabara ya chuo kimoja, mwendo wa saa kadhaa.

Majibu yalirudi safi kabisa. Prolini ya D ilikuwa imepanda kuliko zote, zaidi ya mara tatu ya ile ya NCo 376. B ilikuwa ya mwisho, karibu haikutikisika.

Uamuzi wa kwanza na sababu zake

D ikachaguliwa, kitalu kizima kikapandwa D. B ikaondolewa kwenye orodha. Mistari miwili tu ya B ilibaki pembezoni, nayo ilibaki kwa sababu mzee aliyekuwa akilinda kitalu alikuwa na pingili mkononi na hakuona haja ya kuzitupa.

Ni rahisi leo kuwacheka. Ila ukisoma kumbukumbu za kikao unaona walivyofikiri. Fedha za kemikali zilitosha kipimo kimoja. Maandiko waliyoyapata yalisema mmea unaovumilia ukame hulimbikiza prolini, na kwa kweli yapo mengi yanayosema hivyo. Tena D ilikuwa na sura nzuri: majani mapana, ya kijani kilichoiva, machipukizi mengi. Namba za maabara zilikubaliana na macho, na hapo nani angepinga?

Kilichotokea kitaluni

Kiangazi kifupi cha kwanza kilipokuja, wiki tatu tu bila mvua, D ndiyo iliyosalimu amri mapema. Saa nne asubuhi majani yake yalikuwa yamejikunja kama mkeka, na jioni hayakufunguka vizuri. Machipukizi madogo yakaanza kukauka kutoka ncha. Ile mistari miwili ya B pembeni ilikunja majani mchana, ikayafungua jua lilipotua, ikaendelea na maisha yake.

Hapo ndipo nilipopigiwa simu. Swali la mama mwenyekiti lilikuwa fupi: "Mwalimu, maabara ilikosea au mbegu ilibadilishwa?"

Tulivyotafuta kosa

Mbegu haikubadilishwa, tulilinganisha macho ya pingili na rangi ya shina, ni D kweli. Maabara nayo haikukosea hesabu. Nilipitia daftari lao ukurasa kwa ukurasa. Kosa lilikuwa limeshafanyika kabla majani hayajafika mezani.

Nilienda kwenye ndoo zenyewe, ambazo zilikuwa bado chini ya nailoni. Mzee mlinzi alikuwepo. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamuuliza kama anakumbuka ndoo zilikauka lini.

"Mwanangu, hazikukauka pamoja," akasema. "Hii ya majani mapana ilikuwa inakunywa kama ng'ombe. Siku ya nne udongo ulishaachana na ukuta wa ndoo. Ile nyembamba," akaonyesha B, "siku ya kumi ukichomeka kidole bado unakuta ubaridi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Nani aliniuliza? Mimi niliambiwa nisimwagie, sikumwagia."

Hapo kisa kizima kikafunguka. Siku 12 bila maji si kiasi kimoja cha ukame kwa kila aina. Udongo wa ndoo ni kidogo, na mmea wenye majani mengi mapana huumaliza haraka. D ilikatwa jani ikiwa imekaa zaidi ya wiki kwenye udongo mkavu kabisa, wakati B ilikatwa jani ikiwa bado na unyevu mizizini. Prolini ya D ilikuwa juu kwa kuwa D ilikuwa taabani. Ya B ilikuwa chini kwa kuwa B ilikuwa haijaanza kuumwa.

Kulikuwa na makosa mengine mawili, madogo lakini si ya kupuuza. Ukataji ulianza na A saa mbili asubuhi na kumalizikia F adhuhuri, na jani la adhuhuri si jani la asubuhi. Na yale majani yalisafiri bila barafu. Jani lililokatwa bado liko hai kwa muda. Likinyauka ndani ya mfuko wa moto, seli zake huendelea kubadilika, kwa hiyo unachopima maabara ni kiu ya shamba ukijumlisha na kiu ya safari.

Jaribio la pili

Tulirudia kwa aina zile zile, ndoo zile zile, lakini tukaanza na mzani. Kila ndoo ilipimwa asubuhi na jioni, na maji yaliyopotea yakarudishwa kwa kipimo, ili udongo wa kila aina ukae kwenye asilimia 40 ya maji unayoweza kushika. Mzee mlinzi ndiye aliyekuwa akipima na kuandika. Tulikata majani asubuhi tu, kila mara jani la juu kabisa ambalo shingo yake imeshaonekana, yaani pale bamba la jani linapokutana na ala. Wataalamu wa miwa huliita jani namba moja, na lisipochaguliwa hivyo unajikuta unalinganisha jani changa na jani zee. Majani yalizamishwa kwenye boksi la barafu pale pale.

Safari hii tulipima vitu vitatu, na cha kwanza hakihitaji kemikali yoyote. Ni kiwango cha maji ndani ya jani. Unatoboa vipande vya duara, unavipima vikiwa vibichi, unaviloweka kwenye maji yaliyochujwa kwa saa kadhaa hadi vishibe, unavipima tena, kisha unavikausha kwenye joto la nyuzi 70 hadi 80 mpaka uzito usibadilike. Tuseme vibichi ni gramu 0.50, vikishiba 0.56, vikikauka 0.16. Maji yaliyokuwemo ni 0.34, ambayo yangeweza kuwemo ni 0.40, jani lina asilimia 85. Jani la mmea wenye maji ya kutosha huwa juu ya 90. Likishuka kuelekea 70 au chini yake, hali ni mbaya.

Cha pili ni malondialdehaidi, MDA kwa kifupi. Hii ni takataka inayobaki pale mafuta ya kwenye utando wa seli yanapoharibiwa na kemikali kali ambazo mmea huzizalisha ukiwa kwenye dhiki, kama hidrojeni peroksaidi. MDA nyingi maana yake utando umeshabomoka. Kwa miwa kuna mtego wake: kipimo cha asidi ya thiobabituriki husomwa kwenye nanomita 532, lakini sukari nayo hujibu kemikali hiyo na kuchafua usomaji, na muwa bila sukari ungekuwa tete tu. Ndiyo maana husomwa pia kwenye 440 na 600, kisha hesabu ikasahihishwa. Tulipokuwa wavivu mara moja tukaruka hatua hiyo, aina yenye sukari nyingi kwenye jani ilionekana imeumia kuliko zote, na haikuwa kweli.

Cha tatu ni prolini ile ile. Tulitaka pia kupima katalasi, kimeng'enya kinachovunja hidrojeni peroksaidi, lakini umeme ulikatika usiku, friza likayeyuka, na kimeng'enya kilichopata joto hakina tena la kusema. Tukaachana nacho.

Tukaongeza jambo moja ambalo naona ndilo lililokuwa na faida kubwa: baada ya siku za kiu tulimwagilia ndoo zote na kukata majani tena siku ya tatu.

Majani yalivyojibu

Unyevu wa udongo ulipolinganishwa, ile tofauti kubwa ya D ikayeyuka. Prolini yake ilikuwa juu kidogo tu ya NCo 376. Maji yake ya jani ndiyo yaliyokuwa chini kuliko zote, na MDA yake ndiyo iliyokuwa juu. Baada ya kumwagiliwa, MDA haikushuka.

B ilikuwa na maji mengi ndani ya jani, MDA chini, na prolini iliyopanda kwa wastani kisha ikarudi chini baada ya kumwagiliwa. Mmea uliosikia njaa, ukajibana, chakula kilipokuja ukaendelea.

C ilitushangaza. Ilikuwa na prolini nyingi kuliko zote na bado MDA yake ilikuwa ndogo. Kwa C, prolini ilionekana inafanya kazi. Hii inakaribiana na walichokiona watafiti wa Brazil waliochapisha kazi yao mwaka 2007: walitia kwenye muwa jeni ya kuzalisha prolini wakati wa ukame, na faida waliyoipata haikutokana na prolini kuvuta maji kuingia seli kama wengi walivyodhani, bali na kuikinga seli dhidi ya uharibifu wa oksijeni kali.

F ilibaki kijani siku zote. Tulipopima urefu, haikuwa imeongezeka hata kidogo. Ilifunga milango ya majani, vile vitundu vya kupitishia hewa, na kulala. Mkulima halipwi kwa ukijani.

E sina la kusema, ilifanana na A kwa kila hali.

Uamuzi wa pili

Kitalu kilipandwa upya kwa B na C, nusu kwa nusu. D haikufukuzwa: ilipelekwa kwenye mashamba ya chini karibu na mto, ambako unyevu hudumu, kwa sababu ukiipa maji inazaa kweli. Afisa kilimo aliona ni kujitetea tu, kwamba tunatafuta pa kuficha kosa lake. Sikukubaliana naye wakati ule na sikubaliani naye leo. Aina inayokunywa sana na kuzaa sana ina shamba lake.

Palikuwa na mabishano pia kuhusu kupanda B peke yake. Mimi ndiye niliyesisitiza C iwepo, kwa ajili ya ile prolini yake nzuri. Kumbuka hilo, nitarudi nalo.

Matokeo

B ilivunwa mwaka wa kwanza na maotea yake yakavunwa mwaka uliofuata, kukiwa na kiangazi kirefu katikati. Wakulima waliopanda B kwenye udongo wa mwinuko walipeleka kiwandani miwa iliyojaa kuliko jirani zao wenye NCo 376. D ya mtoni ilifanya vizuri sana.

C ilipatwa na fugwe, ugonjwa wa ukungu. Kwenye maotea ndipo ulipojionyesha, ile mijeledi myeusi ikitoka katikati ya mashina, unga wake ukipeperuka. Tuliing'oa yote na kuichoma. Wanachama wanne walipoteza msimu, na pendekezo la C lilikuwa langu.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kosa la kwanza halikuwa kuchagua prolini, lilikuwa kuiuliza swali lisilo lake. Prolini hueleza mmea unajisikiaje. Haielezi kwa nini. Mmea unaweza kuwa nayo nyingi kwa sababu umejiandaa, kama C, au kwa sababu umezidiwa, kama D. Namba moja inabeba maana mbili zinazopingana, na hakuna mashine itakayozitenganisha. Kinachozitenganisha ni kujua jani lilikuwa na maji kiasi gani dakika ile lilipokatwa, na seli zilikuwa zimeumia kiasi gani. Ndiyo maana naweka mbele vipande vile vya jani na mzani, kipimo cha bei rahisi kuliko vyote, kisha MDA, na prolini ije ya tatu kueleza yale mawili yalikotoka.

Jambo hili halihusu prolini peke yake. Indonesia iliidhinisha mwaka 2013 muwa uliotiwa jeni ya kuzalisha glisini betaini, kemikali nyingine ya aina hiyo hiyo. Huko kemikali iliongezwa kwa makusudi, na bado kazi ikawa kuonyesha kwamba muwa wenyewe unasimama kiangazini. Sisi tulikuta kemikali imepanda yenyewe, tukafikiri kazi imekwisha.

Kipimo cha baada ya kumwagilia kilitutenganishia B na F. Wakati wa kiu zilifanana. Tofauti ilionekana maji yaliporudi, B ikaanza kurefuka na F ikachelewa. Kwa bonde hili, ambako ukame huja kwa vipande vya wiki tatu nne katikati ya mvua, uwezo wa kuinuka ni muhimu kuliko uwezo wa kulala. Mahali penye kiangazi kimoja kirefu pengine ningepanga tofauti.

Fugwe ya C sina kisingizio. Viashiria vya kibiokemia havioni ugonjwa, na miche ya miezi mitatu ndani ya ndoo safi haina nafasi ya kuuonyesha. Nilikuwa nimeshika matokeo mazuri nikasahau kuuliza swali la kwanza ambalo mkulima yeyote wa miwa huuliza kuhusu mbegu ngeni. Ningeuliza wakulima wa bonde jirani, waliokuwa na C miaka mitatu kabla yetu, ningepata jibu kwa simu moja.

Na yule mzee. Alikuwa na takwimu muhimu kuliko zote za jaribio la kwanza, ncha ya kidole chake. Fomu haikuwa na nafasi ya kuiandika. Siku hizi fomu ya maabara ile ina safu tatu zilizoongezwa mbele ya safu ya prolini: uzito wa ndoo asubuhi ya kukata, saa ya kukata, na jina la aliyekuwa akiangalia mimea. Sampuli zikija na safu hizo zikiwa tupu, hurudishwa na dereva yule yule.